Eli ya Kiskoti Mombasa: maswali yanayorudi kila tukifungua chupa

Haya ni maswali yale yale tunayoulizwa kila tukikaa na watu kuonja bia za viwanda vidogo hapa Mombasa, tumeyakusanya pamoja ili mtu asome mwenyewe, akikwama ndo aulize. Mengi yahusu eli ya Kiskoti (Scottish ale) manake hiyo ndo inayochanganya watu kuliko zote: uchungu hawauoni, ubaridi waliouzoea unaiua, na rangi yake inadanganya. Kama hujafika miaka 18 hapa hapakuhusu.

## Kwanza kabisa

Eli ya Kiskoti ni bia gani hasa?

Ni bia ya shayiri iliyoanzia Uskoti, na mzigo wote wa ladha umebebwa na malti. Malti ni shayiri iliyoloweshwa, ikaachwa ianze kuota, alafu ikakaushwa kwa moto, na kulingana na moto ulivyokuwa ndo utapata ladha ya ganda la mkate, ya sukari iliyoanza kuungua, ya njugu za kukaanga na kadhalika. Hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, zimo lakini kazi yake ni kuzuia utamu usizidi, basi. Rangi inaanzia shaba mpaka hudhurungi, ukiinua glasi kwenye taa utaona chai ya mkandaa iliyokolea. Gesi yake ni ndogo, kwa hivo usingoje ile inayopanda puani.

Tofauti yake na Tusker ni nini?

Tusker ni laga, asilimia 4.2, na laga hamira yake hufanya kazi kwenye baridi, polepole, bia ikatoka safi, nyepesi, na gesi nyingi. Eli hutumia hamira nyingine inayopenda joto zaidi, na kawaida hamira hiyo huacha harufu za matunda matunda. Sasa eli ya Kiskoti kawaida huchachushwa kwenye joto la chini kidogo, kwa hivo ile harufu ya matunda hupungua, malti ikabaki peke yake uwanjani. Ndo maana mtu wa laga akionja eli ya Kiskoti hashtuki sana, anashangaa tu mbona tamu.

Ni nyeusi, kwa hivo ni kali kama Guinness?

Hapana, rangi haina uhusiano na nguvu. Guinness ile ya Foreign Extra inayouzwa Kenya ni asilimia 6.5 na weusi wake ni wa shayiri iliyokaangwa sana, ndo maana yakupa ladha ya kahawa chungu. Eli ya Kiskoti hutiwa shayiri ya kukaanga kidogo mno, zaidi kwa ajili ya rangi, na kuna zilizo nyeusi kiasi lakini nguvu yake ni asilimia 3 na kitu, hata Tusker inazishinda. Soma lebo, usisome rangi.

Hizo 60/-, 70/-, 80/- kwenye lebo ndo bei?

Kila mtu wa Mombasa akiiona hiyo anacheka, anaitisha chenji. Lakini ilikuwa bei kweli, ya pipa, enzi za karne ya 19 kule Uskoti. Bia nyepesi pipa lake lilikuwa shilingi chache, nzito ikawa shilingi nyingi, na watu wakawa wanaagiza kwa kutaja shilingi tu. Bei zikapanda, majina yakabaki. Uingereza wenyewe waliacha shilingi mwaka 1971 na bado chupa zaandikwa 80/-, na alama ni ile ile tunayoandika sisi dukani manake shilingi yetu ilitoka huko huko, ilikuja Afrika Mashariki 1921.

Kwa mpangilio wa leo: 60/- ni nyepesi, kama asilimia 2.5 mpaka 3.3. 70/- inafika 3.9 hivi. 80/- inaanzia hapo mpaka 6, na hii ndo viwanda vidogo vingi hupenda kutengeneza. Ukiambiwa anza na moja, anza na 80/-.

Scotch Ale na Wee Heavy je?

Hizo ni ndugu zao wakubwa. Ukiona lebo imeandikwa Scotch Ale ama Wee Heavy jua ni ile kali, asilimia 6.5 mpaka 10, nzito mdomoni, ina ladha ya tende na zabibu kavu. Traquair House Ale ndo mfano unaotajwa sana, ni 7.2, yatengenezwa kwenye jumba la kale huko kusini mwa Uskoti ambalo mwenyewe alifufua kiwanda cha bia cha mababu zake mwaka 1965 akakuta mapipa ya mbao bado yapo. Skull Splitter ya visiwa vya Orkney ni 8.5. Hizi hazinywewi kwa mpigo, kwa nini soma swali la chupa mbili huko chini.

Ati ina moshi kama wiski?

Haina, wala haipaswi kuwa nayo. Moshi ule wa wiski unatoka kwa udongo wa mboji unaochomwa kukaushia malti, na hayo ni mambo ya wiski. Kuna viwanda vidogo, vya krafti wanavyoviita, hasa vya Marekani, vilivyoamua kwamba kitu cha Uskoti lazima kinuke moshi wakatia malti hiyo kwenye bia, na mashindano mengine ya bia yakakubali. Mimi binafsi naona ni mapambo. Kwenye nyingine utaskia kamoshi ka mbali ambako kwa kweli ni shayiri ya kukaanga. Moshi ukikujia kama umekaa karibu na jiko la mishkaki, basi mwenye kiwanda alitaka hivo.

Haina uchungu kwa sababu hopsi hazioti Uskoti, si ndio?

Nusu ni kweli. Hopsi huko haziwi vizuri, zilikuwa zikitoka Uingereza, hasa Kent. Lakini ile hadithi kwamba Waskoti walikuwa wakizibania kwa sababu ya bei ama uadui haishiki ukiangalia rekodi zao wenyewe, manake viwanda vya Edinburgh vilikuwa vikitumia hopsi kama wenzao na vikisafirisha bia chungu ng'ambo kwa meli, tena kwa wingi. Utamu unatoka kwingine. Malti ikiloweshwa kwenye maji ya nyuzi 68 mpaka 70 hutoa sukari ambayo hamira haiwezi kuila yote, inabaki kwenye bia. Na watengenezaji wengi wa krafti siku hizi huchukua sehemu ya yale maji ya malti ya kwanza wakayachemsha peke yake mpaka yakapungua yakawa mazito, alafu wakayarudisha. Hapo ndo unapata ladha ya gubiti.

## Kuonja kwenyewe

Niinywe baridi ama moto?

Hili ndo swali kubwa kuliko yote na weita wa Mombasa atakupa majibu mawili tu, na yote mawili si sahihi kwa bia hii.

Baridi ya friji ya baa, nyuzi 4 ama chini, inaufanya ulimi ufe ganzi. Harufu hazipandi, utamu hauonekani, unabaki na maji ya hudhurungi yenye gesi kidogo, alafu unasema bia hii haina kitu. Tushaona watu wengi wameikataa eli nzuri kabisa kwa sababu ilitoka kwenye friza na barafu ubavuni.

Na "moto" yetu nayo ni balaa. Watu wameskia ati kule Uskoti wanakunywa bia ya moto, sasa wanaichukua kutoka kwenye kreti lililokaa stoo Bamburi mwezi wa pili. Kule bia inakaa kwenye sela chini ya nyumba, nyuzi 11 mpaka 13. Stoo ya Bamburi ni 30 na zaidi, pombe inanuka kabla hujafikisha mdomoni na utamu unakwama kooni.

Fanya hivi: itoe kwenye friji, mimina, afu iache mezani dakika kumi hivi kwa 80/-, zaidi kidogo kwa Wee Heavy. Kwa joto letu na huu unyevu glasi itatoka jasho mara moja, we ngoja jasho lipungue, onja, ngoja, onja tena. Wataka nyuzi 8 mpaka 12, na hizo kali ziende 13, lakini hakuna haja ya kipimajoto, shika glasi kwa kiganja, ikiwa inauma bado, ikiwa baridi tu ya kupendeza anza. Uzuri wa Mombasa ni kwamba bia inapanda joto haraka, kwa hivo kwenye glasi moja utapita kwenye ladha tatu nne tofauti bila kufanya chochote. Tatizo ni hilo hilo, ukichelewa imekwisha.

Lazima niwe na glasi maalum?

Kule wana glasi yenye umbo la ua la mbigili, tumbo chini, mdomo umepanuka juu. Huna, sisi pia hatuna. Glasi ya mvinyo yatosha kabisa manake tumbo lake linakusanya harufu. Kitu usifanye ni kunywa kwa mdomo wa chupa, pua yako iko juu ya chupa na harufu iko ndani, hamkutani.

Mbona povu langu linakufa mara moja?

Mara nyingi si bia, ni glasi. Mafuta ya mkono, sabuni ambayo haikusuuzwa vizuri, ama ile kitambaa ya jikoni iliyofuta sufuria ya samaki. Na kwa nyumba nyingi hapa kuna jambo jingine, maji ya kisima. Glasi ikisuuzwa na maji ya chumvi ikaachwa ikauke yenyewe, inabaki na ule ukungu mweupe, utauona ukiielekeza dirishani, na ulimi unauona pia. Suuza mara ya mwisho na maji ya kunywa, mimina bia glasi ikiwa bado mbichi mbichi. Kumbuka pia eli hii gesi yake ndogo, povu la vidole viwili lisilokaa dakika nyingi ni sawa tu.

Haya, nimemimina. Naanzaje?

Kwanza angalia chumba. Hili laonekana dogo, si dogo. Kama kumefukizwa udi, ama mtu amejipaka marashi ya nguvu, ama jirani anakaanga papa, hutaonja kitu. Kaeni barazani penye upepo ama mwambie mwenye marashi akae upande ule upepo unakoenda.

Angalia rangi kwenye mwanga. Zungusha glasi kidogo, weka pua, vuta pumzi fupi fupi mbili tatu badala ya moja ndefu, manake pua inachoka haraka. Ikichoka nusa mkono wako mwenyewe afu rudi. Kisha piga funda la kutosha kulowesha ulimi mzima, usilimeze papo hapo, lizungushe mdomoni, meza, na hapo hapo funga mdomo utoe pumzi kupitia puani. Hiyo pumzi ya kutoka ndo watu huiruka na ndo yenye bia yote, pale ndo utaskia ganda la mkate ama tende iliyokuwa imejificha. Alafu kaa kimya nusu dakika uone kinachobaki. Eli nzuri ya Kiskoti inaanza tamu na inamaliza kavu, utamu unaondoka wenyewe ukutamanishe funda jingine. Ikibaki imenata kwenye meno, mtengenezaji hakuisawazisha.

Nikionja naskia bia tu. Hizo ladha mnazotaja mnazitoa wapi?

Jikoni. Tatizo ni kwamba watu wanasoma lebo zimeandikwa matunda ya Ulaya ambayo hawajawahi kuyatia mdomoni, wanadhani ulimi wao ndo mbovu. Pita Marikiti siku moja kabla ya kuonja, nusa sukari guru, nusa tende za aina mbili tatu, zabibu kavu, korosho zikiwa zinakaangwa. Nunua kidogo kidogo, weka kwenye visahani mezani. Sasa onja bia, nusa kisahani, onja bia. Kwenye 80/- moja tuliyoifungua mtu aliyekuwa akisema "bia tu" alinusa sukari guru akarudi kwenye glasi akanyamaza, afu akasema ni ile ya chini ya gunia, iliyolowa kidogo. Na alikuwa sawa kabisa, ilikuwa na kale kaharufu ka udongo ambako bia hizi huwa nako. Andika maneno yako mwenyewe, hata kama ni "mkate wa mofa ulioungua upande mmoja". Hayo yanasaidia kuliko kunakili.

Nikionja niteme kama watu wa mvinyo?

Bia humezwa, hata majaji wa mashindano humeza, manake uchungu na ile ladha ya mwisho zinaonekana vizuri ukishameza. Ndo maana vipimo ni vidogo, robo glasi hivi kwa kila aina. Pangilia kutoka nyepesi kwenda kali, 70/- kwanza, Wee Heavy mwisho, ukigeuza ile nyepesi itakuwa maji. Katikati kunywa maji na utafune kipande cha mkate mkavu usio na kitu.

## Chakula

Inaendana na nini?

Na vitu vilivyopata moto. Nyama ikichomwa inapata ladha ile ile ya malti iliyokaushwa, kwa hivo mbuzi choma na mishkaki isiyo na pilipili nyingi ndo ndoa rahisi. Samaki wa kupaka na 80/- ni kitu cha ajabu, tui linalainisha, ile ngozi iliyoungua mkaani inaishika malti, hapo sina maneno mengi, jaribu. Viazi karai ndio, ila ukwaju ukizidi bia inapotea. Pilau ya nyama pia, ile iliyokolea bizari nzima.

Wee Heavy iweke mwisho, na tende na korosho. Watu hupenda kuipa halwa, mimi naona ni utamu juu ya utamu, kipande kidogo sana labda. Kahawa chungu pembeni inasaidia.

Na pilipili?

Pombe na gesi zinaongeza moto wa pilipili, hazizimi. Eli ya Kiskoti ina nafuu kwa sababu ya utamu na gesi kidogo, lakini ukishakula kachiri za muhogo zilizonyunyiziwa pilipili ya unga usijidai unaonja, hapo unakunywa tu. Hakuna ubaya, ila usitoe maoni.

Naeza kutia barafu, ndimu, ama soda?

Ni yako, umelipa. Ila barafu soma tena swali la baridi ama moto, ndimu inapigana na malti, na soda kwenye bia iliyokuwa tamu tayari sijui unatafuta nini.

## Ukihisi kuna kasoro

Nitajuaje imeharibika na si ladha yake tu?

Uchachu ndo alama rahisi kuliko zote. Bia hii haipaswi kuwa chachu hata kidogo, ukiskia siki imeingiliwa na vijidudu. Watu waliozoea mnazi huwa hawalioni hili mapema, manake mnazi wa jioni ukali ndo raha yake na ulimi ushazoea kuusamehe.

Ukiskia karatasi ama boksi lililolowa, bia imezeeka, hewa imeiingia ama imekaa kwenye joto. Kwenye Wee Heavy kuzeeka kidogo kwaeza kuleta zabibu kavu tamu na hapo ni neema, lakini kwenye 70/- hakuna neema. Mboga ya kabeji iliyochemka sana, hiyo ni kasoro ya kupika. Harufu ya kicheche, hiyo ni jua lililopiga chupa. Kwa bahati hopsi ndizo huharibika na jua na hapa ni chache, ila chupa ya kahawia inalinda vizuri, ya kijani ama nyeupe hailindi, mkebe hauna shida kabisa.

Yangu inanuka siagi, kama bisi za sinema.

Hamira huitengeneza hiyo ladha ikiwa kazini afu huila yenyewe ikipewa muda. Kiwanda kikiwa na haraka ya kutoa bia, siagi inabaki. Kidogo sana wapo wanaovumilia kwenye bia za Kiskoti kwa vile inakaa karibu na karameli. Ikijaa mdomo mzima ni kasoro. Ikiwa ni ya kegi na imekuja siagi na uchachu pamoja, shuku mabomba ya baa hayajaoshwa, usimlaumu mtengenezaji kabla hujaonja ya chupa.

Inanuka ndizi mbivu na inachoma koo, lakini lebo inasema asilimia 5.

Ilichachuka kwenye joto. Hii ndo kazi ngumu ya kutengeneza bia ya mtindo huu popote karibu na Pwani: hamira yataka nyuzi 15 mpaka 18 hivi na nje ni 30, matangi lazima yapoozwe usiku na mchana, stima ikipotea saa kadhaa na jenereta haikuwashwa hamira inapata wazimu, inatoa matunda na aina za pombe zinazochoma. Mtengenezaji mzuri hiyo haiuzi kwa jina la Kiskoti.

Kuna mashapo chini ya chupa.

Mara nyingi ni hamira, bia za viwanda vidogo nyingi hazichujwi. Haidhuru. Isimamishe kwenye friji usiku kucha, mimina kwa mkono mtulivu na uache kidole kimoja chini. Vikiwa vipande vinavyoelea na uchachu upo, rudi swali la kuharibika.

Naiwekaje hapa Mombasa?

Kwenye friji, yote, hata ile ambayo hutainywa leo. Bia huzeeka haraka mara dufu hivi kila joto likipanda nyuzi 10, kwa hivo mwezi mmoja kwenye kabati lako Tudor si mwezi mmoja wa Edinburgh. Wale wanaosema Wee Heavy inakaa miaka wako sawa, kwa sela ya nyuzi 12. Isimamishe wima, mbali na mwanga. Buti la gari sina haja ya kulizungumzia.

## Pesa, mwili na mengine ya pembeni

Mbona bei iko juu hivo?

Ushuru wa pombe, kwanza. Pili shayiri ya kawaida Kenya tunayo lakini malti za rangi na hopsi huagizwa ng'ambo, zinashuka Kilindini hapo, zinapita mbele ya macho yako kwenda bara, zinapikwa, afu bia inarudi kwa lori. Viwanda vidogo vilivyojitokeza nchini kama 254 na Bateleur vya Nairobi ama Sirville ya Gilgil viko huko huko juu. Si kila kimoja kinatengeneza eli ya Kiskoti, na kinachotengeneza huenda ni kwa msimu, uliza kabla. Ukinunua hapa muulize muuzaji ilisafiri vipi na ilifika lini. Asiyejua, nunua moja tu kwanza.

Ni chupa ndogo, nikinywa mbili naeza kuendesha?

Hapana. Piga hesabu: Tusker ya nusu lita ina pombe tupu mililita 21. Wee Heavy ya asilimia 8, chupa ndogo ya mililita 330, ina 26. Yani ile ndogo ni kubwa kuliko ile kubwa. Mbili ni 52, na kwa vile ni tamu na gesi yake ni ndogo inashuka bila kukuonya. Alkoblo, kile kipima pombe cha polisi, haitajali kwamba ulikuwa unaonja. Chukua tuktuk.

Natumia dawa, ama nina sukari.

Flagyl na pombe havipatani, ngoja umalize dozi na siku kadhaa zaidi, na dawa nyingine muulize mfamasia kwa jina la dawa. Mwenye sukari ajue bia hii inabaki na wanga mwingi kuliko laga, azungumze na daktari wake kwanza. Mja mzito asionje hata robo. Asiyepatana na ngano na shayiri, hii ni shayiri tupu.

Mimi ni Muislamu, kuna ya halali?

Eli ya Kiskoti ina pombe na hakuna njia ya kuizunguka. Vinywaji vya malti visivyo na kileo vipo madukani, lakini vingine lebo inasema 0.0 na vingine 0.5, na hilo ni la kumuuliza ustadh wako, si sisi. Sisi upande wetu, tukialika watu wasiokunywa glasi zao na sahani zao ni mbali, na Ramadhani hatuweki meza nje.

Nimeonja na sikuipenda. Nimwambie mwenye kiwanda ama ni adabu mbaya?

Mwambie, ila mwambie kitu cha kushika. "Mbaya" haimsaidii, na "nzuri sana" ndo kabisa, mgema akisifiwa twajua anafanyaje. Mwambie ulionja lini, ilikuwa ya chupa ama ya kegi, ilikaa wapi kabla, ilikuwa baridi kiasi gani, na uliskia nini kwa maneno yako. Piga picha ya lebo upande wenye tarehe na nambari ya bachi, yani ule mpiko mmoja, umtumie na hiyo, manake kama tatizo ni la bachi nzima atajua aangalie tangi lipi, na kama wengine wa bachi hiyo wako sawa basi swali linarudi kwa duka, lori, ama friji yako.